Kiu ya Mama Odeta

Kikombe kilikuwa kilekile. Cha bati, cheupe, chenye ua jekundu ubavuni na kovu jeusi ukingoni pale rangi ilipobanduka zamani. Nilikiona kabla sijamwona mtu yeyote niliyemjua. Kilikuwa mkononi mwa Solanji, mkwe wa marehemu, aliyekuwa akipita katikati ya mikeka na ndoo ya maji, akimpa kila aliyetoka mbali. Mama Odeta alikuwa amezikwa jana yake. Basi langu lilichelewa, na sasa nilisimama kwenye uwanja wa nyumba niliyoishi mwaka mmoja tu wa ujana wangu, hapa Kibondo, mkoba begani, kitenge kimekunjamana kwa safari, natafuta mahali pa kukaa na neno la kusema. Solanji aliponiona aliweka ndoo chini. Alinishika mabega akanitazama kama fundi anayepima nguo. "Mwalimu," akasema, "umenenepa, Mungu asifiwe. Kunywa kwanza, tutalia nyuma." Nikanywa. Maji yalikuwa ya baridi, yana harufu kidogo ya udongo wa mtungi, na nikiwa bado nameza niliona mtu mmoja ambaye Solanji alikuwa hajamfikia. Alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, chini ya upenu, mikono yote miwili juu ya fimbo. Mzee Filemoni, kaka wa marehemu mume wa Mama Odeta, alikuwa amekuja kutoka Munanila. Amezeeka sana. Solanji alimtazama kwa mbali, akageuka, akaendelea na mikeka mingine. Mgeni angedhani ni mpangilio tu wa kugawa maji. Mimi nilikaa chini nikauegemeza mgongo wangu kwenye ukuta, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, najitolea kufundisha shule ya msingi huku nikisubiri kujua nitakwenda chuo gani, na Mama Odeta alinipangisha chumba cha pili kutoka barazani. Kilikuwa na kitanda chembamba, meza iliyokuwa mlango zamani, bado ina tundu la kitasa, na dirisha lililotazama migomba. Nyumba haikuwa na dari. Kuta za ndani ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye mabati palikuwa na uwazi ambamo sauti zote za nyumba zilikutana: sala za Mama Odeta, redio ya jirani, Solanji akimbembeleza mwanawe Neema kwa nyimbo za kwao. Mwanzoni nilijifunika shuka kichwani nisisikie. Baadaye niliacha, na nikaanza kuwajua watu wale kwa namna ambayo sijawahi kumjua mtu tena, kwa kusikia wanavyovua viatu, wanavyokohoa, wanavyonyamaza. Siku hizi watu huniuliza nilijifunzia wapi kuandika. Mimi huwataja walimu wangu, kwa heshima, lakini moyoni huuona ule uwazi chini ya mabati.

Mama Odeta aliitwa hivyo kwa jina la binti yake wa kwanza, aliyekuwa ameolewa Kitanga. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi. Yeye alikuwa raia, na alilisema neno hilo, raia, kwa kunyoosha shingo. Aliuza maharage na unga wa muhogo sokoni na kwenye magulio ya vijijini, mwanamke mrefu, mkavu, anayefunga kitenge kwa mkanda wa mumewe. Solanji alizaliwa kambini Nyarugusu, kwa wazazi waliotoka Kongo. Yona, mtoto wa kiume wa Mama Odeta, alimwoa, akamleta nyumbani, kisha akaenda machimboni kutafuta maisha, akamwacha mkewe na mtoto mchanga mikononi mwa mama yake. Kwa hiyo jioni tulikuwa wanawake watatu na Neema, tunakula kwenye sinia moja: ugali wa muhogo, samaki wa mgebuka waliokaushwa, na sombe ya Solanji, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuungwa kwa mawese mpaka vidole vikawa na rangi ya machungwa. Mama Odeta alikula bila kusema ni tamu. Lakini alikula, na mkono wake ulirudi kwenye sombe mara nyingi kuliko wetu.

Kinywaji kilikuwa jambo lingine. Katika sehemu hizi za juu za Kigoma mtu hakupi kinywaji bila kuonja yeye kwanza. Anakunywa funda moja mbele ya macho yako, anafuta ukingo kwa kiganja, ndipo anakupa kwa mikono miwili. Soda inafunguliwa ukiitazama. Hakuna anayekasirika, ni adabu, kama kuvua kofia. Lakini chini ya adabu hiyo kuna neno ambalo Mama Odeta alilitamka kwa Kirundi na kwa sauti ya chini tu, uburozi, sumu ya kulishwa, na kila nyumba inaweza kukutajia mtu aliyekonda na kufa baada ya kupokea kikombe kwa mtu fulani. Sinia ni ya wote, sote tunakula, sote tutakufa. Kikombe ni cha mtu mmoja.

Maumivu ya Mama Odeta yalianza miezi michache baada ya Solanji kuingia nyumbani. Hakumshutumu. Aliacha tu kunywa maji ya mtungi, kwa sababu Solanji ndiye aliyeyachota. Jioni Solanji alileta kikombe chenye ua jekundu, akapiga goti, akaonja, akakitoa kwa mikono miwili. Mama Odeta alipokea, akashukuru, akakiweka karibu na mguu wa kiti. Alipodhani hatumwoni alikimwaga kwenye shina la mchaichai pembeni ya ngazi. Asubuhi alikunywa nusu kikombe cha chai kutoka birika letu sote, akashinda juani juu ya magunia yake, na kiu ikimzidi alinunua soda na kusimamia inavyofunguliwa. Mchaichai ule ulistawi ajabu. Majani yake yalifika dirishani kwangu.

"Unaona hii mchaichai, Mwalimu?" Solanji aliniambia siku moja jikoni, akitwanga sombe, kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye "njo" badala ya "ndiyo". "Njo inakunywa maji yangu."

"Labda mama hana kiu."

"Hana kiu? Mutu anakaa kwenye jua mpaka mangaribi, hana kiu?" Aliinua mchi akausimamisha hewani. "Batu ba soko banasema mi namulisha mama kitu. Banasema wakongomani tunajua dawa. Mi dawa ninayoijua ni pilipili." Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, akaushusha mchi kwa nguvu. Neema, aliyekuwa mgongoni, akazinduka.

Maumivu yenyewe niliyasikia kabla sijaambiwa. Yalikuja alfajiri moja, kisha alasiri ya Jumapili, kisha yakawa na desturi yao. Kwanza kitanda kililia. Kisha nyayo, kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni. Kisha kitu kizito kikagusa ukuta wetu, na baadaye nilielewa kuwa ulikuwa mgongo wake, anausugua kwenye tofali. Nikasikia akipiga magoti, akiinuka, akilala upande mmoja, akigeuka, akiinuka tena. Hakulia. Wanawake wa rika lake walifundishwa kuzaa bila sauti, na aliyelia leba alichekwa mpaka arobaini ya mtoto. Nilisikia pumzi tu, na meno, na mwisho akitapika kwenye ndoo. Kisha kimya. Kisha, Mungu ni shahidi yangu, nilisikia akijifunga mkanda na kwenda sokoni kama mtu aliyetoka kuoga. Mbele ya watu maumivu yakimjia alikaa wima kama nguzo, macho yamekazwa, jasho likimtiririka juu ya mdomo. Sisi tuliomwona sebuleni tuliona mama aliyetulia. Ukuta ndio ulijua.

Majina hayakukosekana. Kwenye duka la dawa walisema UTI, wakampa vidonge. Viliposhindwa wakasema UTI sugu, wakampa vingine. Zahanati moja ikasema taifodi. Mganga wa miti shamba akasema ni chango, akampa mizizi ya kuchemsha, ambayo aliichemsha mwenyewe mlango umefungwa. Maumivu yalikwisha baada ya kila dawa, maana yalikuwa na tabia ya kwisha yenyewe, na kila mwenye dawa akasifiwa kwa wiki kadhaa. Yaliporudi, watu walibaki na maelezo ya aina moja tu ambayo hayakuhitaji dawa kufanya kazi. Mzee Filemoni alikuja na maelezo hayo kutoka Munanila, akiwa na koti la kanisani na kofia ya pama. Nilikuwa nasahihisha madaftari; ukuta ukaniletea yote.

"Shemeji, kabla ya huyu binti kuja, uliwahi kuumwa hivi?"

"Sikuwahi."

"Unaumwa halafu unapona, unaumwa halafu unapona. Ugonjwa wa Mungu hauchezi hivyo. Huo ni wa kulishwa kidogo kidogo."

"Shemeji, taratibu. Nyumba hii haina dari."

"Acha wasikie. Nimeongea na Yona kwa simu. Amesema mama ndiye mama. Baada ya mavuno nitakuja tukae kikao, binti arudi kwao kambini. Mtoto atabaki, mtoto ni wetu."

Upande wa pili wa nyumba, Solanji aliyekuwa akiimba alinyamaza. Siku zilizofuata aliendelea kuchota maji, kupiga goti, kuonja, kutoa kikombe. Lakini usiku ule na baadaye sikusikia tena wimbo. Naifikiria mara nyingi sentensi ile, mtoto atabaki, jinsi ilivyosemwa kwa sauti ya mtu anayepanga magunia. Mwanamke yule alikuwa akihukumiwa na maumivu ya mtu mwingine, na hakuna aliyekuwa ameyauliza maumivu yenyewe swali hata moja.

Kilichomtoa Mama Odeta Kibondo ni damu. Aliniita chooni asubuhi moja, jambo ambalo lilimgharimu kuliko ninavyoweza kueleza, akanionyesha kopo. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. "Mwalimu," akasema bila kunitazama, "wewe unafunga shule, unaenda kwenu Kasulu. Kule hawanijui." Hakutaka Kibondo ione, wala Munanila isikie. Solanji alitufungia mihogo ya kuchemsha na chupa ya maji ya kuchemshwa, akaionja chupa ile mbele yetu kituoni kabla ya kuifunga. Mama Odeta aliipakata njia nzima bila kuifungua. Tulipofika Makere, basi liliposimama kupakia watu, maumivu yalimkamata. Alishuka akaanza kulizunguka basi, mkono kiunoni, akiinama, akisimama, akizunguka tena. Kondakta akatoa kichwa dirishani. "Mama, tairi zote zipo, nimeshazihesabu!" Abiria wakacheka. Na mimi, mpumbavu wa miaka kumi na tisa, nilikuwa karibu kucheka nao, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa naona kwa macho kile nilichokuwa nakisikia, na kilifanana na ngoma.

Daktari aliyetupokea Kasulu alikuwa mwanamke mwenye umri wa dada yangu mkubwa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na chumba chake kilinuka dawa ya kusafishia sakafu na ndizi mbivu. Niliruhusiwa kukaa kwa sababu Mama Odeta alinishika mkono hakuuachia. Alijilaza kitandani amenyooka kama ubao, mikono ubavuni, kama aliyekwisha kufa kwa adabu. Daktari aliliminya tumbo taratibu, pande zote, likawa laini. Akamketisha. Akaweka kiganja chini ya mbavu za mgongoni, akakigonga kwa ngumi, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Upande wa kulia, hakuna kitu. Upande wa kushoto Mama Odeta alivuta pumzi kwa meno, na nikaitambua pumzi ile. Ilikuwa ile ya ukutani.

"Maumivu yanaanzia hapa?"

"Hapo."

"Yanabaki hapo au yanatembea?"

Mama Odeta akasita. Akachora kwa kidole, kutoka mgongoni, kuzunguka ubavu, kushuka kinenani, akakiondoa kidole haraka.

"Na yakija unafanyaje? Unalala au unahangaika?"

"Nalala. Mimi si mtoto."

"Hapana, daktari," nikasema. "Halali. Anatembea, anapiga magoti, anasugua mgongo ukutani, anatapika. Halafu yanaisha kama hayakuwapo."

Mama Odeta aligeuza shingo akanitazama. "Mwalimu, nilikupangisha chumba. Masikio sikukupangisha."

Daktari alicheka mpaka miwani ikashuka, na Mama Odeta, ambaye hakuzoea kuchekesha watu, akalegea mabega. "Mama, wewe umenificha, yeye amenisaidia kuona," daktari akasema. "Mtu ambaye tumbo limeharibika ndani hataki hata kitanda kitikiswe. Analala kimya, akiguswa anaruka. Mwenye jiwe hapati mkao. Anatafuta namna ya kukaa, haipo." Akapeleka mkojo kupimwa; ulikuwa na damu, na dalili za maambukizi hazikuwapo. Akauliza kuhusu homa na kutetemeka. Hapakuwa na homa. Kisha tukaingia chumba chenye giza chenye mashine ya ultrasaundi, mafuta ya baridi ubavuni, na kwenye kioo kilichojaa kitu kama mvua usiku daktari akasimamisha kidole. Palikuwa na nukta nyeupe, inang'aa, na nyuma yake kivuli cheusi kilichonyooka. Jiwe, akasema. Limetoka kwenye figo, limekwama kwenye mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Mrija unapojibana kulisukuma ndipo maumivu yanapokuja, unapolegea yanaondoka. Figo imeanza kuvimba kidogo kwa mkojo uliozuiwa. Bado inaweza kuokolewa, lakini haitasubiri miaka.

"Maji unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Nakunywa soda."

"Nimeuliza maji."

Nje mtu alikuwa akiita majina ya wagonjwa. Mama Odeta aliitazama nukta ile kwenye kioo. "Maji ya nyumbani anachota mukazana wangu," akasema mwisho, akitumia neno la kwao la mkwe wa kike. "Siwezi kuyanywa. Daktari, niambie kama raia mwenzako. Hilo jiwe nililishwa?"

Wengine wangecheka, au wangemkaripia. Daktari alivuta kiti akakaa, magoti yao yakakaribiana. "Hakuna mtu anayeweza kukulisha jiwe likaenda kukaa pale," akasema. "Chakula hakina njia ya kufika huko. Hili limetengenezwa na mwili wako. Mkojo ukiwa mzito siku nyingi, chumvi zake zinagandana, kama chumvi inavyoganda kwenye sufuria maji yakikauka. Siwezi kukuambia lilianza siku gani. Lakini kama mkweo angetaka kukuua, maji aliyokuletea ndiyo yangemharibia kazi."

Alimpa dawa ya maumivu, akamwambia jiwe ni dogo na linaweza kutoka lenyewe. Anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, akojoe kwenye chujio ili walione likitoka, arudi kupigwa picha, na homa au baridi ikija asisubiri hata saa moja. Tulirudi Kibondo na chujio jipya la chai. Naikumbuka safari ile kwa ukimya wake. Mama Odeta alikuwa na chupa ya Solanji mapajani, bado imejaa. Alikuwa anaifungua, anainusa, anaifunga. Tulipopita Makere alimnunulia kondakta yuleyule mua, sijui kwa nini. Nyumbani alianza kunywa maji, lakini yale niliyochota mimi. Alilijua jambo moja kwa kichwa, na mkono wake ulikuwa bado haujaambiwa. Leo, nikisikia watu wakisema kwamba mtu akielezwa ukweli ataacha hofu yake, huwa nauona mkono ule ukikipokea kikombe na kukiweka chini.

Jiwe lilitoka alasiri moja mwishoni mwa mavuno. Alituita sote uani kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Lilikuwa kwenye chujio, dogo kama chenga ya mchele, la kahawia, lenye miiba midogo. Solanji aliinama akalitazama. "Hii njo imemutesa mama?" Mama Odeta akalitia kwenye kibiriti kitupu, akakifungia kwenye pindo la kitenge. Nilidhani mambo yamekwisha. Jiwe lilikuwa ushahidi. Kikao kingeliona, Solanji angebaki. Ndivyo nilivyodhani, kwa sababu nilidhani vitu vina maana moja.

Mzee Filemoni alifika Jumapili baada ya ibada. Tulikaa sebuleni, mimi kwenye kigoda karibu na mlango kwa sababu Mama Odeta alisema nimeona kwa macho yangu. Solanji alikuwa tayari amezikunja nguo zake kwenye khanga moja. Neema alikuwa mgongoni, amefungwa kwa nguvu kuliko kawaida. Mama Odeta alifungua kibiriti akamwekea shemeji yake kiganjani. Akaeleza kuhusu figo, mrija, kioo, kivuli. Mzee Filemoni alilisogeza jiwe kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuzageuza kwa ukucha, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea. Uliridhika.

"Nilisema nini?" akauliza. "Hiki hapa. Hiki ndicho ulicholishwa."

"Shemeji, daktari amesema mwili ndio..."

"Daktari amekuonyesha kilipo. Hakukuonyesha kilikopitia. Mganga akitoa kitu mwilini mwa mtu, si kinafanana na hiki? Umeona miiba hiyo? Mwili wa mtu unazaa miiba?" Akalirudisha kwenye kibiriti kama mtu anayeweka risasi. "Tumeshukuru hospitali imekitoa. Sasa aliyekitia aondoke."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, ya chumvi, ya sufuria, ya kivuli kilichonyooka. Mama Odeta akaninyooshea kiganja, nyamaza. Alimtazama Solanji, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na kushika fundo la khanga yake kwa vidole vilivyokuwa na rangi ya mawese. Sijui Mama Odeta aliona nini. Najua tu kwamba aliketi hivyo kwa muda, amejinyoosha, kama alivyokaa maumivu yalipomjia mbele ya watu.

"Nina kiu," akasema.

Nikainuka kwenda kwenye ndoo yangu. "Kaa, Mwalimu," akasema. "Sikukuomba wewe."

Solanji aliinua kichwa. Akaenda kwenye mtungi, tukasikia kata ikigonga udongo, akarudi na kikombe chenye ua jekundu, kimejaa mpaka ukingoni. Alipiga goti, Neema mgongoni, akakiinua kikombe mdomoni kwake kuonja, kama alivyofanya kila jioni ya ndoa yake.

"Usionje," Mama Odeta akasema.

Kikombe kikasimama hewani.

"Lete hivyohivyo. Daktari amesema ninywe yote. Ukionja utanipunguzia."

Alikipokea kwa mikono miwili. Niliona kwamba bado aliogopa. Hakuna kilichokuwa kimemtoka isipokuwa jiwe. Alikunywa akimtazama shemeji yake juu ya ukingo wa kikombe, bila kupumzika, maji yakimchuruzika kidevuni, mpaka tukasikia pumzi yake ndani ya bati tupu. Akakigeuza kikombe juu chini kuonyesha hakina kitu. "Lete kingine," akamwambia Solanji. Alipomaliza cha pili, Mzee Filemoni alikuwa akitafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani. Hakuna aliyetamka kwamba kikao kimefungwa. Solanji alifungua khanga akarudisha nguo zake kwenye kamba, zikiwa kavu, kama vile alikuwa amezifua, na jioni ile chini ya mabati nikasikia wimbo. Mchaichai ulinyauka kiangazi kile. Mimi niliondoka mwanzoni mwa mvua.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani nikiwa nimeegemea ukuta wa msiba, na jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Neema, msichana mrefu sasa, mwenye shingo ya bibi yake, alikuwa akigawa ugali. Solanji aliniambia kwamba Mama Odeta siku za mwisho alikunywa kwa kijiko tu, kutoka mkononi mwake, na alimgombeza kama kijiko hakikujaa. Mawe hayakurudi. Kibiriti chenye lile jiwe walimzika nacho, mwenyewe ndivyo alivyotaka, ili amkabidhi aliyeumba figo, naye amweleze.

Kisha Solanji akainua ndoo yake akaelekea kwenye upenu, na mazungumzo ya mikeka ya karibu yakapungua, maana wapo wazee wengine wanaokumbuka. Alichota, akajaza, akapiga goti mbele ya kile kiti chenye mgongo. Hakukipeleka kikombe mdomoni. Alikitoa tu kwa mikono miwili na kusubiri. Mzee Filemoni alikitazama kikombe, akamtazama yeye, akatazama kaburi jipya nyuma ya nyumba, udongo wake bado mwekundu na mbichi. Akaiegemeza fimbo kwenye paja, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa. Koromeo lake lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, muda mrefu kwa mtu wa umri ule.

"Maji ya baridi haya," akasema, akifuta mdomo kwa mkono wa koti. "Yapo mengine, binti yangu?"